Kozi ya ubongo na sheria: mwanafunzi wa Bariadi ana swali lake

Kwenye kozi ya mtandaoni ya maadili ya sayansi ya ubongo na sheria, zoezi la kwanza ni kujitambulisha na kusema umefuata nini. Wa Ulaya atataja mashine za kupiga picha za ubongo. Wa Bariadi, makao makuu ya Simiyu, anaweza kuanza na Kanuni ya Adhabu.

Kifungu cha 12 kinamhesabu kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 13 kinamwondolea jinai ambaye, kwa ugonjwa wa akili, hakuelewa anachofanya, hakujua hakupaswa kukifanya, au hakuweza kujizuia. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi: nani atajua kama mtu alishindwa kujizuia au hakutaka tu?

Utetezi huo ukiibuka, mshtakiwa hupelekwa kupimwa, mara nyingi Isanga, Dodoma. Sheria inampa daktari siku 42 kuandika ripoti. Lakini mahakama inataka hali yake siku ya tukio, na huenda miezi imeshapita. Picha ya ubongo hairudi nyuma hivyo. Ndiyo maana maneno ya mke, jirani au mwenyekiti wa kitongoji, kwamba jamaa alikuwa anaongea peke yake wiki nzima, bado yana uzito. Jaji naye halazimiki kukubali ripoti ya daktari.

Ikionekana alitenda akiwa hana akili timamu, hatiwi hatiani. Huwekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, bila kutajiwa miaka mingapi.