Mkondo na Kipande

Mvuvi wa Galu, pwani ya kusini mwa Kenya, akikwangua kadi ya muda wa maongezi hubonyeza nyota, 141, nyota tena, tarakimu alizozifichua, kisha alama ya reli. Nyota ya kwanza inauambia mtandao kwamba linalokuja ni ombi. Ya pili inatenga huduma na namba ya kadi. Reli inasema: nimemaliza. Ndani ya kitendo hicho cha sekunde chache mna tatizo la zamani kuliko kompyuta yoyote: maneno yakifika mfululizo, msomaji atajuaje pa kukata?

Waandishi wa programu huita mfululizo huo mkondo, iwe herufi zinatoka kwenye kibodi, kwenye faili au kwenye waya wa mtandao. Watu wa Kinondo na Diani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Maji ya mkondo hayana mapande. Anayetaka samaki sharti aweke uzio. Katika programu, uzio ni kitenganishi: nafasi, mkato, nukta mbili, au mwisho wa mstari.

Pwani hii ilijifunza kazi hiyo chuoni. Mtoto wa Kidigo anayefunuliwa msahafu huonyeshwa mapema duara linalofunga aya, kisha vijiherufi vinavyoagiza usimame hapa au upite pale, kwani kusimama pasipofaa huweza kugeuza maana. Washairi nao wakajenga uzio wao ndani ya sauti. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani minane. Vitatu vya kwanza vinashirikiana kina, na cha nne kinabeba kina kinachotembea tangu mwanzo wa utungo hadi tamati. Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha utenzi kilichoandikwa Pate mwaka 1728, ni cha mtindo huo. Katika miswada ya hati za Kiarabu, alama ndogo za mapambo zilitenga kipande na kipande, lakini aliyesikiliza tu bila kuona karatasi alijua vilevile pa kukata.

Nalipenda sana neno kipande, kwa sababu ndilo hasa tunalohitaji leo kwa kile ambacho programu hutoa mkondoni kila inapokutana na kitenganishi. Tena utenzi ulitumia njia zote mbili ambazo wahandisi walikuja kuzigawa. Mizani minane ni kukata kwa kuhesabu. Kina ni kukata kwa alama. Kadi ya matundu ya IBM ya mwaka 1928, yenye safu 80, ilikata kwa kuhesabu peke yake: jina safu hizi, umri safu zile, na tundu moja likisogea kila kitu kinaharibika. Mshairi alikuwa na kinga mbili.

Hati za Kilatini zilipoenea, baada ya mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844, nafasi kati ya maneno ikawa jambo la kuamuliwa. Je, ni "nita ku letea" au "nitakuletea"? Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kikashika la pili. Wakati huo waya wa telegrafu ulikuwa umeshafika: kebo ya baharini iliiunga Zanzibar na Aden mwaka 1879. Katika Morse ya kimataifa, kimya ndicho kitenganishi: urefu wa nukta tatu kati ya herufi, nukta saba kati ya maneno.

Mwaka 1963 orodha ya ASCII ikazipa alama za kompyuta namba. Namba 28 hadi 31 zilikuwa miongoni mwa zilizotengwa mahsusi kwa kazi ya kutenganisha, na karibu kila mtu akazipuuza. Watu walitaka alama waionayo kwenye kibodi. Mfumo wa Unix ukachukua nukta mbili kwa orodha ya watumiaji wake. Lugha ya programu ya Fortran ya IBM, kufikia 1972, ikakubali mkato. Mkato ukashinda duniani, na ukaleta adha yake. Chukua daftari la samaki: changu, kilo 12, shilingi 6,000. Mkato wa elfu unaivunja bei kuwa vipande viwili, sita na sufuri tatu. Dawa iliyoandikwa rasmi mwaka 2005 ni kuifunga bei ndani ya alama za mtajo.

Lugha ya programu ya Java ilipoleta Scanner, chombo cha kusoma mkondo na kuukata, mwaka 2004, kusoma mkondo kukawa kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ukiacha ilivyo, Scanner hukata penye nafasi. Basi programu ikiomba jina kwa amri ya next, Mwanamkasi binti Juma anabaki Mwanamkasi, na baba yake anasubiri mkondoni aingizwe kwenye swali linalofuata. Mwanafunzi hubadilisha amri kuwa nextLine, isomayo mstari mzima. Lakini kama kabla ya hapo aliuliza kilo kwa nextInt, jina linatoka tupu. Namba 12 imechukuliwa, ila alama ya Enter iliyobonyezwa baada yake imebaki mkondoni. Amri ya nextLine inaikuta papo hapo na kuamini kwamba mstari umekwisha. Nimeona vijana wakilaumu kibodi, wakilaumu umeme. Kumbe unahitajika mstari mmoja wa ziada, nextLine isiyohifadhi chochote, wa kuimeza alama ile kabla ya kuuliza jina. Hapo Mwanamkasi binti Juma anaingia daftarini na jina lake lote.