Kikale cha Bweranyange na Kitabu cha Wageni

Atakaye kuijua tarikhi ya Karagwe asianzie Kayanga penye ofisi za wilaya, wala Kyerwa iliyojitenga mwaka 2012 ikawa wilaya mbali, bali apande mpaka Bweranyange, kijiji ambacho leo aghalabu mpita njia hukipita bila ya kugeuza shingo, ilhali zamani za utawala wa ukoo wa Wahinda ndipo kilipokuwa kikale, yaani makao ya Mukama, mfalme wa nchi, na si mbali na hapo, pahali paitwapo Kafuro, Waarabu na waungwana waliotoka Unyanyembe na mizigo ya nguo na shanga kutafuta pembe walikuwa wamejijengea kituo chao.

Mwishoni mwa Novemba 1861 waliingia Bweranyange Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, na jambo ambalo kila msemaji wa Kiswahili anastahili kulikumbuka kwa fahari ni kwamba Mukama Rumanyika, ambaye hakupata kuiona pwani, aliwaamkia kwa Kiswahili safi. Ziwa dogo lililolala chini ya kikale wakalibandika jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza.

Katika mazungumzo ya siku hizo Speke alikifungua Kitabu Kitakatifu mbele ya Mukama, akaanzia na Adamu, akaishia kumsadikisha kwamba nasaba ya wafalme hawa yatoka Uhabeshi. Nasema bila ya kusitasita kuwa huo ulikuwa upotofu, na tena upotofu wenye sumu, kwa maana nadharia hiyo ya kwamba watawala ni wageni waliotoka mbali, iliyochapishwa katika kitabu chake mwaka 1863, ilikuja kutumiwa na watawala wa kikoloni kuwatenga watu wa Rwanda waliosema lugha moja. Hata hivyo Speke alitoa na neno la heri: kwamba watoto wa Mukama wapelekwe Uingereza wakasomeshwe. Safari hiyo haikutokea.

Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, aliyefika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina, akaona mabata ya shaba yenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa, kazi za mafundi wa nchi hii. Baadaye sotoka ya miaka ya 1890 iliwafyeka ng'ombe wenyewe, waliokuwa ndio mali na heshima ya kikale.

Kanisa halikuletwa na Speke na Grant. Lilikuja kwa njia ya Bukoba, ambako Mapadre Weupe wa Kikatoliki waliweka misheni Kashozi mwaka 1892, na Wajerumani wa misheni ya Kiprotestanti ya Betheli wakafuata mwaka 1910, wakawakuta Waafrika waliokwisha kuipokea imani kutoka Buganda. Karagwe ilikaa muda mrefu chini ya maaskofu wa kwingine, mpaka Walutheri walipopata dayosisi yao mwaka 1979, na Wakatoliki jimbo la Kayanga mwaka 2008.

Na pale Bweranyange, ambako watoto wa Mukama walingojea safari ya Uingereza, ipo leo sekondari ya Kilutheri, na wanaosoma humo ni wasichana.