Ergonomia: kazi imkae mtu

Fundi cherehani hakwambii ubane mabega ili shati likutoshe. Anachukua futi, anapima, ndipo anakata kitambaa. Nguo ikitoka vizuri, watu husema imekukaa. Ergonomia inataka hivyo hivyo kwa kiti, meza na kompyuta: kazi imkae mtu, mtu asijikunje kuifuata kazi.

Jina hilo limetufikia kwa njia ya Waingereza, lakini si wao walioanza kulitumia. Mwaka 1857 mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, aliandika juu ya elimu ya kazi akaiita ergonomia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: ergon, yaani kazi, na nomos, yaani kanuni. Halikuenea. Mwaka 1949 mwanasayansi Hywel Murrell akalileta tena Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba hata rubani hodari huharibu ndege akitua, ikiwa swichi ya magurudumu inafanana na ile ya vibawa na zote ziko jirani.

Tungeweza kusema “elimu ya mazingira ya kazi”, ila msomaji angewaza moshi wa kiwanda na maji taka. Naona ergonomia inafaa. Mwisho wake ni ule ule wa jiografia. Anayeona r na g zinagongana mdomoni aseme egonomia, simgombezi.

Sasa tuje mezani. Wengi hufanyia kazi kwenye meza ya chakula, ambayo mara nyingi ina kimo cha sentimita 75 hivi. Kwa mtu mfupi hiyo ni ndefu: mabega hupanda, na jioni shingo inauma akidhani amelala vibaya. Kipimo kianzie kwenye viwiko. Ukichapa, viwe karibu na mbavu, vimekunjwa kama pembe mraba, na viganja visipinde kwenda juu. Meza haishuki, basi kiti ndicho kiinuliwe, hata kwa mto mgumu. Miguu ikianza kuning’inia, weka kigoda chini yake. Kiuno nacho kiegemee kitu. Khanga iliyoviringishwa inatosha.

Skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usawa wa macho au chini kidogo. Dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma. Na kwa kuwa mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache, atazame mbali kidogo kila baada ya dakika 20.

Mashine inayokaidi haya yote ni kompyuta mpakato, au kipakatalishi kwa Wakenya. Waliounda majina hayo walichukua kitenzi kupakata, wakapatia kabisa. Tatizo ni umbo lake. Skrini na kibodi vimeunganishwa: ukiiweka chini mikono inastarehe na shingo inainama, ukiiinua shingo inanyooka na mabega yanapanda. Dawa ni kuivunja ndoa hiyo. Iinue juu ya vitabu vinene, kisha uchomeke kibodi na kipanya vya pembeni. Asiye navyo itambidi achague kiungo cha kutesa, na asikitese muda mrefu: kila nusu saa ainuke, hata kama ni kwenda kuchungulia maharage jikoni.