Kutu ya shina: Vita vya jeni ndani ya mmea wa ngano

Mkulima wa ngano aweza kulitazama shamba lake likiwa limestawi, masuke yakianza kujaa, na baada ya majuma machache akabaki na mabua yaliyovunjika na punje zilizonyauka. Mara nyingi mharibifu huwa ni kuvu ndogo isiyoonekana kwa macho hadi itakapokuwa imekwisha kuzaana. Maradhi yenyewe huitwa kutu ya shina.

Kuvu hiyo, ambayo wanasayansi huiita Puccinia graminis, hutokeza malengelenge ya rangi ya matofali kwenye shina na majani. Kila lengelenge linapopasuka hutoa vumbi la chembe za uzazi, nazo hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba na hata kuvuka bahari.

Tofauti na kuvu zinazoozesha mazao yaliyokwisha kufa, kutu huishi kwenye mmea ulio hai pekee. Hupenyeza mirija yake ndani ya seli na kunyonya chakula ambacho kingejaza punje. Ngozi ya shina nayo hupasuka, maji yakapotea na bua likalegea. Kikulacho, wahenga walinena, ki nguoni mwako.

Kenya inazijua hasara za adui huyu tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipojaribu kilimo cha ngano huko Njoro na mazao yake yakateketezwa na kutu. Hasara hiyo ilichangia kuanza kwa kazi ya kuzalisha mbegu zinazostahimili maradhi katika eneo hilo, kazi ambayo inaendelea hadi leo katika kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO).

Jinsi mmea unavyojikinga

Mmea hauna damu wala askari wa mwili kama ilivyo kwa binadamu. Kila seli yapaswa kujilinda yenyewe, na silaha yake imeandikwa katika jeni.

Mnamo 1905, mtaalamu Rowland Biffen wa Cambridge, Uingereza, alionyesha kwamba uwezo wa ngano kustahimili kutu ya manjano hurithiwa kwa kufuata kanuni zilezile ambazo Gregor Mendel alizigundua katika njegere. Katika miaka ya 1940, Harold Flor wa Marekani, akichunguza kutu ya mmea wa kitani, alibaini kwamba kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni inayolingana nayo katika kuvu.

Uhusiano huo unafanya kazi hivi. Kuvu inapoingia hutuma protini zake ndani ya seli ili kuilainisha na kuizuia isijitetee. Jeni ya kinga huzalisha protini nyingine inayofanya kazi ya mlinzi wa lango. Mlinzi huyo akimtambua mvamizi mmoja, seli hujiua papo hapo pamoja na sehemu ndogo inayoizunguka. Kwa kuwa kutu haiwezi kula kilichokufa, hufa njaa mahali hapo, na mkulima huona vidoa vidogo tu badala ya malengelenge.

Mwaka 2013 wanasayansi walifaulu kuzitenga jeni mbili za aina hiyo, Sr33 na Sr35. Herufi Sr ni kifupi cha jina la Kiingereza la kutu ya shina. Zote mbili zilitoka kwa jamaa wa kale au wa mwituni wa ngano. Mwaka 2017 ilitambuliwa protini ya kuvu ambayo Sr35 huisaka, na mwaka 2022 watafiti wakaonyesha umbo la mlinzi huyo akiwa kazini: protini tano hukusanyika mithili ya gurudumu na kufungua tundu linaloruhusu chembe za kalsiamu kuingia ndani ya seli. Hiyo ndiyo ishara ya kujiua.

Kuanguka kwa Sr31

Udhaifu wa mpango huu uko wazi. Mlinzi anayemjua mvamizi kwa sura moja hudanganywa pindi sura hiyo inapobadilika. Badiliko dogo katika jeni moja ya kuvu latosha.

Kwa zaidi ya miaka 30, wazalishaji wa mbegu katika mataifa mengi waliitegemea jeni iitwayo Sr31. Jeni hiyo haikuwa ya ngano asilia. Ilitoka kwa nafaka ya rai, jamaa wa ngano anayestahimili baridi, ambaye kipande cha kromosomu yake kiliingizwa katika ngano kwa njia ya kuzalisha mseto. Kipande hicho kilibeba pia kinga dhidi ya maradhi mengine, na ndiyo sababu kikapendwa kote ulimwenguni.

Mwaka 1998, ngano yenye Sr31 ilionekana ikiwa na malengelenge katika mashamba ya utafiti nchini Uganda. Kuvu hiyo ilipimwa na kuthibitishwa, ikapewa jina Ug99, kutokana na Uganda na mwaka 1999. Ilifika Kenya mwaka 2001, Ethiopia 2003, Sudan na Yemen 2006, kisha Iran 2007.

Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1970 kwa kazi yake ya kuzalisha ngano bora, alitoa onyo kali kabla ya kufariki mwaka 2009. Kufuatia juhudi zake, mpango wa kimataifa wa kukabiliana na kutu ulianzishwa mwaka 2005, nayo Njoro ikawa uwanja mkuu wa kupima ngano kutoka mataifa mbalimbali. Mbegu zilipandwa hapo makusudi ili zishambuliwe, zile zilizosalimika zikachaguliwa.

Hata hivyo, adui hakusubiri. Mwaka 2006 ilipatikana nchini Kenya aina ya Ug99 iliyoishinda pia jeni Sr24. Mwaka uliofuata, ngano ya KS Mwamba, iliyokuwa ikilimwa kwa wingi na kutegemea jeni hiyo, ilishambuliwa vikali. Mwaka huohuo wa 2007, aina nyingine ikaishinda Sr36.

Mbegu ya Robin, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ilileta nafuu. Lakini kufikia mwaka 2014, kuvu iliyoweza kuivunja kinga yake ilikuwa imekwisha kuonekana nchini. Hivi sasa ukoo wa Ug99 una aina zaidi ya 12 zinazojulikana.

Asili ya Ug99 ilifumbuliwa mwaka 2019. Kila seli ya kutu ina viini viwili vya urithi. Wachunguzi waligundua kwamba kimoja cha viini vya Ug99 kinakaribia kufanana kabisa na kiini cha aina ya zamani ya kutu inayojulikana Australia. Kwa maneno mengine, kuvu mbili zilikutana na kubadilishana viini vizima bila kujamiiana. Hivyo kutu hupata sura mpya kwa njia mbalimbali: kwa mabadiliko ya jeni, kwa kubadilishana viini, na kwa kujamiiana juu ya vichaka vya jamii ya baberi.

Kinga ya kudumu

Fundisho ambalo wazalishaji wa mbegu wamelipata ni kwamba jeni moja haitoshi, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Njia ya kwanza ni kutumia jeni zisizoua kuvu bali huichelewesha. Maarufu miongoni mwake ni Lr34, iliyotengwa mwaka 2009, ambayo huzalisha protini ya kusafirisha vitu ndani ya seli. Nyingine ni Sr2, iliyotolewa katika ngano ya kale takriban karne moja iliyopita. Mmea wenye jeni hizi hupata kutu, ila malengelenge huwa machache na madogo. Kila moja peke yake ni dhaifu, lakini nne au tano zikiunganishwa hutoa kinga ambayo kuvu huona shida kuishinda.

Njia ya pili ni kurundika jeni kali kadhaa katika mmea mmoja, ili kuvu ilazimike kubadilika mara nyingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 watafiti walitangaza ngano ya majaribio iliyowekewa jeni tano kwa pamoja katika sehemu moja ya kromosomu, zikarithiwa kama jeni moja.

Njia ya tatu ni kuibadili ngano yenyewe kwa mnururisho. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kilitoa mbegu ya Eldo Ngano 1 mwaka 2014 kwa mbinu hiyo.

Kazi hii imerahisishwa na kukamilika kwa ramani ya urithi wa ngano mwaka 2018. Haikuwa rahisi, kwa kuwa ngano ya mkate imekusanya urithi wa nyasi tatu tofauti, na DNA yake ni takriban mara tano ya ile ya binadamu.

Wajibu wa mkulima

Maabara peke yake haiwezi kushinda. Nchini Kenya, ngano ya Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Timau haipandwi wakati mmoja, hivyo karibu kila mwezi kuna shamba la kijani mahali fulani ambapo kutu yaweza kujistiri. Maotea yanayosalia baada ya mavuno huwa daraja la kuivusha hadi msimu ujao.

Wataalamu huwashauri wakulima kung'oa maotea hayo, kupanda mbegu zilizoidhinishwa badala ya kurudia mbegu ya zamani isiyo na kinga, kutopanda aina moja katika eneo zima, na kukagua mashamba mapema. Dawa za kuua kuvu hufanya kazi, ila sharti zinyunyizwe kabla maradhi hayajaenea, na gharama yake humlemea mkulima mdogo.

Kwa taifa linaloagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka ng'ambo, kila gunia linalopotea huongeza mzigo kwa mlaji wa mkate na chapati. Mbegu yenye kinga inayozalishwa leo huchukua miaka mingi kabla ya kumfikia mkulima. Kuvu huhitaji majuma mawili tu kuzaa kizazi kipya.