Karata za Odin, Kifaranga cha Usukumani na Ramli Inayotaja Jina la Mtu

Kama wewe ni mtu wa kuskroli usiku, lazima umeshakutana naye. Dada mmoja, kucha ndefu, mshumaa pembeni, anachanganya karata halafu anakwambia uchague rundo la kwanza, la pili au la tatu. Siku hizi hata picha za karata zimebadilika. Unakuta Odin mwenye jicho moja, Thor na nyundo yake (yule yule wa kwenye muvi), Loki na ujanja wake, na pembeni alama zinazofanana na vijiti vilivyovunjika. Alama hizo zinaitwa runi. Chini yake watu wanagombana: nusu wanaandika "napokea", nusu wanasema huo ni ushirikina, tena wa kuletwa na Wazungu.

Sasa wadau, historia inatuambia kwamba karibu kila ramli ililetwa kutoka mahali fulani, na nyingi zinajidai za kale kuliko zilivyo. Kwa hiyo "imetoka wapi" siyo swali la kukusumbua sana. Swali lenye uzito ni hili: ramli ikimaliza kusema, inamgusa nani? Kama kuna sehemu ya nchi hii iliyolipa gharama kubwa kwa swali hilo, ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Zilikuwa karata za kuchezea tu

Tuanze na hizo karata. Taroti zilianzia Italia ya kaskazini, kwenye miji kama Milan na Ferrara, katika karne ya 15. Zilikuwa mchezo wa matajiri, kama sisi tunavyocheza arubastini. Zaidi ya miaka 300 watu walizichezea hivyo hivyo. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, akaandika kwamba karata hizo zimebeba siri za makuhani wa Misri ya kale. Ushahidi? Hakuwa nao. Maandishi ya Misri yenyewe yalikuwa bado hayajafumbuliwa. Yalikuja kusomeka 1822. Lakini stori ilikuwa tamu, ikakaa. Muda mfupi baadaye mtabiri wa Paris aliyejiita Etteilla akatoa karata maalumu za kutabiria. Zile ambazo wengi tunazijua leo zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutoka London mwaka 1909.

Runi nazo zilikuwa herufi za kuandikia. Alfabeti yake ya zamani zaidi ina herufi 24, na watu wa kaskazini mwa Ulaya walizichonga kwenye mawe, mbao na silaha. Kweli, mwandishi wa Kirumi aitwaye Tacitus, karibu mwaka 98, alieleza jinsi Wajerumani wa kale walivyokata tawi la mti wa matunda, wakatia alama kwenye vipande, wakavitupa juu ya kitambaa cheupe, kisha mmoja akaokota vitatu na kuvisoma. Ila Tacitus hakutaja ni alama gani. Mfumo unaouzwa leo kwa sehemu kubwa ni wa karne ya 20. Mmarekani Ralph Blum, kwenye kitabu chake cha 1982, aliongeza mpaka runi moja tupu isiyo na alama yoyote, ambayo wahenga wa kule hawakuwa nayo. Mwaka 1989 Clive Barrett akatoa taroti ya miungu ya Kaskazini. Yaani huo "ukale" ni rika la kaka yako mkubwa.

Hekaya yenyewe ndiyo ya zamani. Iliandikwa Iceland katika karne ya 13, na inasema Odin alijitundika mwenyewe juu ya mti siku tisa usiku na mchana, amechomwa mkuki, bila chakula wala maji, ndipo akazipata runi. Jicho lake moja nalo alilitoa ili anywe kwenye kisima cha hekima. Shika hilo, tutalirudia: aliyetaka kujua alilipa kwa mwili wake mwenyewe.

Mchanga wa pwani, kuku wa bara

Anayedhani sisi tulikuwa nje ya hiyo biashara, aangalie hata neno lenyewe. "Ramli" ni Kiarabu, maana yake mchanga. Mpigaji anachora nukta nyingi mchangani bila kuhesabu, kisha anazifuta mbili mbili mpaka ibaki moja au mbili. Akirudia mara nne anapata umbo moja, na maumbo yote yanayowezekana ni 16. Elimu hiyo ilipita Bahari ya Hindi ikafika pwani yetu na Madagaska, ambako wanaiita sikidy. Iliingia pia Ulaya katika karne ya 12. Kwa hiyo wakati Wazungu hawajaanza kutabiri kwa taroti, walishakuwa wanapiga ramli ya mchanga ya Waarabu.

Neno likatoka pwani likaingia bara, mpaka leo tunasema "kupiga ramli" hata pale ambapo hakuna punje ya mchanga. Usukumani fundi anaitwa mfumu, na kifaa chake kinachojulikana zaidi ni kuku. Mteja anakuja na kifaranga, mfumu anakipasua na kusoma madoa na mistari ndani yake. Maswali mengi yalikuwa ya nyumbani: mtoto haponi kwa nini, ng'ombe wanakufa kwa nini, masamva, yaani mizimu ya ukoo, wanadai nini. Mara nyingi jibu lilimrudia mteja mwenyewe: fanya tambiko, tumia dawa hii, maliza ugomvi na ndugu zako.

Lakini kulikuwa na jibu la pili, ambalo halikumtuma mteja nyumbani kwake. Lilimtuma kwa jirani.

Miti, moshi na macho mekundu

Hapa kuna mlolongo ambao ukiusikia mara ya kwanza unashtuka. Miaka ya 1920 Waingereza waliamua kupambana na mbung'o Shinyanga. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, alisimamia kazi ya kufyeka vichaka, na Wasukuma wengi walitumika kwenye kazi hiyo. Mbung'o walipungua, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapandwa. Miti ikaisha. Hali ilifika pabaya mpaka mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha uoto.

Kuni zikiisha unapikia nini? Kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unauma macho. Bibi aliyepikia moshi huo miaka arobaini anakuwa na macho mekundu. Na mtaani ikawa imeshasemwa kwamba macho mekundu ni dalili ya mchawi.

Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikawabana pamoja watu waliokuwa wakiishi mbali mbali. Msomi Simeon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya Usukumani, aliihesabu hatua hiyo kuwa mojawapo ya mambo yaliyozidisha hofu ya uchawi: ghafla umezungukwa na watu usiowachagua, na mtoto wako akiumwa unaanza kuangalia uzio wa jirani. Anayeenda kwa mpiga ramli akiwa na hofu hiyo tayari ana jina kichwani. Mpigaji mjanja analinusa tu na kulithibitisha. Hesabu za serikali kuanzia 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 zilionesha zaidi ya watu 3,000 wameuawa kwa tuhuma za uchawi Tanzania Bara, wengi wao Usukumani, na wengi wakiwa wanawake wazee.

Bibi wa watu hakuwa amefanya kitu. Alipika tu ugali.

Kwenye duara hakuna anayejua

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 wachimbaji wadogo wakamiminika: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, na upande wa Kahama, Bulyanhulu. Kila ikisikika rashi mpya, watu wanahama usiku huo huo.

Jiweke kwenye nafasi ya mwenye duara. Unalisha vijana, unanunua magogo ya kushikilia kuta, unalipia pampu ya maji, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Mwamba hujauona. Jamaa wa duara la pembeni, mita kumi tu kutoka kwako, kapiga jiwe na keshanunua gari. Hakuna mtu juu ya ardhi anayeweza kukwambia kwa uhakika kilichopo chini. Kwenye pengo hilo la kutojua ndipo mpiga ramli anapofungua ofisi.

Wachimbaji wengi waliishia kwenye mbuzi, kuku na masharti ya kutooga. Sawa, hasara ni yao. Lakini bei ya dhahabu ilipopaa, kutoka chini ya dola 300 kwa wakia mwaka 2001 hadi dola 1,000 mwaka 2008, baadhi ya waganga walianza kuuza jibu jingine: utajiri wako umo kwenye mwili wa mtu mwenye ualbino. Kuanzia 2007 taarifa za mauaji zikafululiza Shinyanga, Mwanza na Geita. Tangu mwaka 2000 hadi katikati ya muongo uliofuata, watu wenye ualbino wasiopungua 70 waliripotiwa kuuawa nchini, watoto wakiwemo.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli, na miezi michache baadaye waliokamatwa walizidi 200. Ndipo maneno "ramli chonganishi" yakaingia kwenye midomo ya kila mtu.

Sasa mkumbuke Odin. Kwenye hekaya yake anayetaka siri anatoa jicho lake. Kwenye ramli ya duara anayetaka dhahabu anatumwa akachukue mkono wa mtoto wa mwenzake.

Usidhani ni ya kwetu tu

Na hizo runi zisikudanganye kwamba hazina damu. Mwaka 1908 Guido von List, Mwaustria, alitoa kitabu cha runi 18 alizodai kufunuliwa kwake, akizihusisha na ukuu wa damu ya Wajerumani. Miaka michache tu kabla ya hapo, serikali ya Wajerumani ilikuwa imemnyonga Kinjikitile kwa ajili ya maji yake. Baadaye Wanazi walichukua runi mbili zinazofanana na radi wakazifanya nembo ya kikosi cha SS. Alama zile zile unazoziona leo zikiwa zimepakwa rangi ya dhahabu kwenye karata, ziliwahi kutumika kutenganisha nani ni wa kwetu na nani auawe.

Kwa hiyo mdau, ukiona karata, runi, kuku au mchanga, sikiliza jibu linaelekea wapi. Likikwambia pumzika, lipa deni, mpigie mama simu, limekugusa wewe, na gharama yake utaibeba wewe. Lakini yule dada wa mshumaa akianza na "kuna mwanamke mweupe karibu yako, jina linaanza na herufi M, ndiye anayekufungia riziki", hapo funga simu. Hiyo ni ramli chonganishi, hata kama aliyechorwa kwenye karata ni Odin. Mwenye herufi M anaweza kuwa shangazi yako, au bibi wa chumba cha pili ambaye macho yamemwekunduka kwa mkaa. Kule Shinyanga mambo yalianza hivyo hivyo: mtu mmoja aliye na shida, na mtu mwingine aliyempa jina.