Silaha ya Kibindoni: Bastola katika Historia ya Nchi ya Musoma

Katika vilima vya Butiama, na katika nchi zote zilizo baina ya mto Mara na Ghuba ya Speke, silaha ya mtu mzima zamani ilikuwa kitu cha kuonekana. Upinde ulishikwa mkononi, podo lilining'inia begani, na mkuki ulitangulia mbele ya mwenyewe kama mjumbe. Mtu aliyekutana na mwenziwe njiani aliweza kukisia, kwa kutupa jicho tu, kama mwenziwe alikuwa akienda kuwinda, kuchunga au kupigana, na kwa hiyo aliweza kujua pia namna ya kumwamkia. Hata sumu ya mshale, ambayo ni siri ya mti na ya mpishi wake, haikuficha mshale wenyewe. Chuma cha ncha kilitoka kwa wahunzi. Na katika Zanaki wahunzi hao, Waturi, walikuwa watu wa namna yao, wasiooana na wakulima. Aliyetaka silaha alikwenda kwao mchana, akaonekana akienda, akaonekana akirudi.

Jambo hili la kuonekana yafaa lishikwe tangu mwanzo, maana habari ya bastola katika nchi hii ni habari ya kinyume chake. Bastola ni silaha iliyobuniwa ili mkono mmoja uitumie, na baadaye ikapunguzwa, mwaka baada ya mwaka, ili jicho la jirani lisiione.

Lugha yenyewe ni shahidi wa njia ambazo silaha za moto zilipita. Bunduki ni neno la Kiarabu, nalo huhusishwa na jina ambalo Waarabu waliupa mji wa Venice. Risasi ni ile madini nzito ambayo ilitiwa mtutuni, na baruti ni neno la Waturuki na Waarabu. Gumegume ni jiwe la kutoa cheche, na kwa sababu hiyo bunduki iliyowashwa kwa jiwe ikaitwa bunduki ya gumegume. Gobore ni ile ya kushindiliwa mdomoni. Mzinga ni neno la wenyeji, na mfuga nyuki wa Ikizu aliyesikia kwa mara ya kwanza kuwa mzinga huvunja ngome bila shaka aliwaonea huruma nyuki. Bastola ilichelewa kufika, ikafika na jina lake la Kizungu, likatengenezwa kidogo ulimini, likaachwa hivyo.

Bara ya Musoma haikuwa katika njia kuu ya misafara kama Tabora au Ujiji, na kwa hiyo bunduki hazikufurika huku kama zilivyofurika kule. Tena zilipokuwa zikipungua bei Ulaya, kila majeshi yalipobadili bunduki zao na kuuza za zamani, mataifa yalikutana Brussels, yakatia sahihi mkataba tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulikataza kuingiza bunduki, hasa zile za kisasa, katika sehemu ya Afrika iliyo baina ya digrii 20 za kaskazini na digrii 22 za kusini. Musoma i karibu katikati ya mipaka hiyo. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sababu hiyo haikuwa uongo. Walakini mlango mmoja uliachwa nusu wazi: bunduki za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, ziliweza kuruhusiwa. Maana yake ni kwamba mwenyeji aliachiwa silaha ndefu, nzito, yenye moshi mwingi na kelele nyingi, ambayo haifichiki hata kwa dakika moja. Na mgeni akabaki na ile ya kisasa. Mkataba mmoja ulibeba huruma na hila katika mfuko mmoja.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, Oscar Baumann alivuka nyika ya Serengeti na msafara wake wenye silaha akafika Ghuba ya Speke, katika nchi ambayo maradhi ya ng'ombe na njaa vilikuwa vimekwisha kuitia simanzi. Nyuma ya wapelelezi ikaja serikali, na ngome, na askari. Katika jeshi la Wadachi askari mweusi alibeba bunduki ya risasi moja moja yenye moshi mzito. Ofisa alibeba bastola kiunoni. Bastola hiyo haikuwa ya kufichwa. Ilikuwa ndani ya ala ya ngozi, juu ya mavazi, mahali ambapo kila mtu aliiona, na kazi yake kubwa ilikuwa kusema nani mwenye amri. Ndipo watu walipojifunza kwamba silaha ndogo yaweza kuwa na cheo kuliko kubwa.

Wakati huohuo, mbali sana na ziwa, mafundi walikuwa wakishindana kuifanya bastola iwe ndogo zaidi. Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi wa rivolva yake Marekani mwaka 1836. Henry Deringer wa Philadelphia alitengeneza bastola fupi za risasi moja za kutiwa mfukoni, na moja ya hizo ndiyo iliyomwua Rais Lincoln mwezi wa Aprili 1865. Kisha akaja John Browning, ambaye michoro yake ilifanyiwa kazi na kiwanda cha FN huko Ubelgiji: bastola ya mwaka 1900, ambayo iliuzwa kwa mamia ya maelfu, na ile ya mwaka 1906, yenye kipimo cha milimita 6.35, urefu usiofika sentimita 12 na uzito wa gramu 350 hivi, risasi sita tumboni mwake. Kitu hicho kililala katika kiganja cha mkono. Hakikuwa cha askari wala cha mwindaji. Kilikuwa cha karani, cha bibi msafiri, cha mwenye duka, yaani cha mtu ambaye hakutaka ijulikane kwamba ana silaha. Bei yake nayo haikuwa ya matajiri peke yao.

Ndugu mmoja wa bastola hiyo, FN ya mwaka 1910, ilikuwa mkononi mwa kijana Gavrilo Princip huko Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Silaha iliyotoka mfukoni ikapiga risasi mbili, na kabla mwaka haujaisha moto wake ulikuwa umefika Nyanza. Mwezi wa Septemba majeshi ya Wadachi yalivuka mpaka yakapigana na Waingereza Kisii. Meli ya Kiingereza Sybil ilipanda mwamba ikakwama karibu na Majita. Na mwezi wa Julai 1916 Mwanza ikatwaliwa. Mvuvi wa Majita aliyeiona meli ile imelala upande hakuwa na njia ya kujua kwamba chanzo chake kilikuwa chuma kisichozidi kiganja chake mwenyewe.

Chini ya Waingereza desturi ile ya Brussels iliendelea kwa jina jingine. Mkulima aliyesumbuliwa na nyani au kiboko aliweza kutumaini kibali cha gobore, akiwa na bahati na mtu wa kumsemea. Bastola ilikuwa ya ofisa, ya mlowezi, ya bwana wa mgodi. Mgodi haukuwa mbali: dhahabu ya Buhemba, karibu na Butiama, ilichimbwa kwa bidii katika miaka ya 1930. Dhahabu na bastola ni vitu vya tabia moja, vyote vidogo na vyote hupenda giza la mfuko.

Lakini tofauti baina ya silaha ya mtawala na silaha ya mtawaliwa haikuonekana wazi Musoma kama ilivyoonekana ng'ambo ya mpaka. Katika misitu ya Kenya, miaka ya kwanza ya 1950, wapiganaji waliokosa silaha walitengeneza bunduki zao wenyewe kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa gurudumu. Zilikuwa rahisi, nyingine fupi za kutosha kufichwa chini ya koti, na mara nyingi hatari kwa mpigaji kuliko kwa mpigwaji. Serikali ilifanya kuwa na silaha bila kibali kuwa kosa la kufa. Dedan Kimathi alishikwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashitakiwa Nyeri. Na kosa aliloshitakiwa halikuwa vita, wala uasi, bali kupatikana na rivolva ya Webley Scott na risasi zake. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ofisa wa Kiingereza aliweza kuvaa ndugu ya rivolva hiyo kiunoni bila kuulizwa na mtu. Chuma kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni karatasi.

Tanganyika ilipata uhuru wake mwaka 1961 bila risasi, na mwana wa Butiama aliyeuongoza uhuru huo alijulikana kwa kifimbo chake, si kwa silaha. Hata hivyo somo la silaha lilimjia upesi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi, na serikali ilirudishiwa nguvu kwa msaada wa wanajeshi wa Kiingereza, jambo la aibu kwa dola changa. Dawa iliyotafutwa baadaye yastahili kuangaliwa. Haikuwa kumpa kila mwananchi silaha yake nyumbani, wala kuzificha zote kambini, bali kumfundisha mwananchi kutumia silaha ambayo si yake. Jeshi la Kujenga Taifa likawa lazima kwa wasomi mwaka 1966, na wanafunzi karibu 400 waliopinga masharti yake walifukuzwa Chuo Kikuu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka umma ulinde nchi kwa mgambo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kijana apitie jeshini na kazini kabla ya kuingia chuo. Kwa hiyo vizazi vya wasomi wa Tanzania vilijua kufungua na kusafisha bunduki ndefu ya taifa, na vilijua vilevile kuirudisha ghalani jioni na kuhesabiwa. Bastola haikuwa na nafasi katika elimu hiyo.

Kilichovunja mpango huo ni vita. Idi Amin aliingiza majeshi yake Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wa Mara, ambao tangu siku za Kingereza ulitoa askari wengi, ulitoa wengi tena. Baadhi ya silaha za vita hazikurudi ghalani. Katika miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe, hasa upande wa Tarime, uligeuka kutoka mchezo wa hatari wa vijana wenye pinde ukawa biashara ya watu wenye bunduki za kivita. Na mwenye ng'ombe aliyelala na mkuki wake akaona kwamba mkuki umezeeka usiku mmoja. Jibu la vijiji lilikuwa Sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa Usukuma na Unyamwezi mwanzo wa miaka hiyo likaenea mpaka Mara. Sungusungu walitoka na upinde na mshale hadharani, wakipiga mbiu. Yapo mengi ya kulaumiwa katika hukumu zao, zilizokuwa za haraka na nyingine za kikatili. Lakini katika jambo moja walirudia hekima ya zamani, kwamba silaha ya ulinzi ionekane na wote na ijulikane ni ya nani.

Siku hizi swali la bastola huulizwa na mtu wa namna nyingine: mnunuzi wa pamba wa Bunda, mwenye vyombo vya dagaa Musoma, mwenye shimo la dhahabu. Yeye hataki kuvuta macho. Hutafuta bastola fupi, nyepesi, isiyovimbisha shati, na ya bei asiyoijutia. Atakaloambiwa na fundi mkweli ni kwamba kila sifa hununuliwa kwa hasara. Mtutu ukifupishwa, shabaha hupungua. Kitako kikipunguzwa, mkono hukosa mahali pa kushika na mpigo huwa mkali. Risasi ikiwa ndogo, nguvu yake nayo ni ndogo. Na chuma cha bei rahisi hukwama wakati wa haja. Marekani, baada ya Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968 kwa rivolva ndogo ya bei nafuu, ilitunga sheria mwaka huohuo ya kuzuia kuingizwa kwa bastola ndogo za rahisi kutoka nje; viwanda vya ndani vikaendelea kuzitengeneza.

Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwulizi mwombaji ukubwa wa shati lake. Humwuliza umri, usiopungua miaka 25, na akili yake, na mwenendo wake, na ujuzi wake wa kuishika. Mwaka 2016 wenye silaha waliitwa kuzipeleka polisi zihakikiwe. Maswali hayo yana sababu. Mwezi wa Novemba 2006, Dar es Salaam, dereva wa daladala aliuawa kwa bastola katika ugomvi wa barabarani. Aliyeshitakiwa alikuwa mkuu wa mkoa, akafariki mwaka 2008 kabla ya kesi kwisha. Ugomvi kama ule hutokea kila siku katika kila njia panda, nao huishia kwa matusi. Dereva akimwona mwenziwe ana mkuki mkononi, hupima maneno yake. Bastola iliyo kibindoni haimwonyi mtu yeyote mpaka imekwisha kutoka.

Na pengine haja yenyewe imeanza kupungua kwa njia ambayo hakuna mtunga sheria aliyeipanga. Mnunuzi wa pamba alihitaji bastola kwa sababu alibeba fedha taslimu katika mfuko, toka benki mpaka mnadani, kwa njia ya vumbi ambayo kila mtu aliijua. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, sehemu kubwa ya fedha hizo husafiri kwa simu, na mwenye dagaa wa Musoma aweza kumlipa mvuvi wa Majita bila hata mmoja wao kutoka kwake. Katika mfuko uleule ambao bastola ingekaa, sasa hukaa simu.