Mswaki

Mswaki ni kijiti cha kusafishia meno, na pia mti unaotoa kijiti hicho, *Salvadora persica*, unaoota katika nchi kavu za Afrika na Uarabuni. Neno lina asili ya Kiarabu. Kupiga mswaki ni suna kwa Waislamu.

Ncha ya kijiti hubanduliwa gome, hutafunwa hadi nyuzi zichambuke, kisha meno husuguliwa kutoka ufizi kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zikichakaa hukatwa. Upande wa ndani wa meno ndio husahaulika, na ndiko utando hujificha.

Asali nayo ni sukari inayonata kwenye meno: mtoto asilale nayo mdomoni. Chini ya miaka 3, dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania la utoto, wakaliacha lioze.